Rafu Isiyonepa

Nilimwambia fundi nataka anitengenezee rafu ya michezo. Akaweka randa chini, akanitazama juu ya miwani, kisha akauliza, "Rafu ya michezo? Hiyo si ipo kule Taifa, mwanangu, na refa anaipulizia filimbi?" Vijana wawili waliokuwa wakipiga msasa chaga za kitanda wakaangua kicheko. Ilikuwa asubuhi, Keko, Dar es Salaam, harufu ya mninga na gundi imetanda, nami nimesimama katikati ya maranda nikiwa na mchoro, vipimo na fedha ya kuanzia kazi. Nilichokosa ni neno.

Aibu yangu ilikuwa kubwa kuliko ya mteja wa kawaida, maana kazi yangu ni kuhariri. Maneno ndiyo mtaji wangu. Rafu niliyoikusudia ni ile ya kamusi, ubao uliolazwa ili vitu vipangwe juu yake, neno tulilolipata kwa Waarabu. Rafu aliyoisikia fundi ni ile ya uwanjani, ya beki anayemfuata mshambuliaji badala ya kuufuata mpira, nayo tumeipata kwa Waingereza. Ukiziacha peke yake hazigombani. Ukiiambatanisha ile ya kwanza na neno "michezo", ile ya pili inaruka na kukaa kwenye kiti chake.

Nilipolitafakari jambo hili baadaye nikaona kwamba rafu hizi mbili haziko mbali kama nilivyodhani. Neno la Kiingereza lililotuletea rafu ya uwanjani, kabla ya kumpiga mtu mtama, lina maana ya kitu kisicho laini, kitu kinachokwaruza mkono. Yaani ubao kabla haujaguswa na randa. Basi rafu inayotoka kwa fundi bila kupigwa msasa ni rafu mara mbili.

Ila lililoniponza zaidi ni "michezo". Neno hili ni gunia kubwa. Ndani yake mna mpira na bao, mna ngoma, mna mchezo wa redio ambao ni maigizo, na mna mchezo wa kina mama wa kuchangiana fedha kila wiki, ambako "kupokea mchezo" ni kupokea zamu yako. Nilichotaka kukipangia mahali ni kitu kimoja tu kati ya hivyo: gemu. Maandishi rasmi husema "michezo ya video" au "michezo ya kompyuta", na hakuna kosa la sarufi ndani yake. Lakini hakuna mtoto wa Temeke wala wa Majengo aliyewahi kumwomba mama yake hela ili akacheze mchezo wa video. Anakwenda kucheza gemu. Anakwenda kwenye kibanda cha gemu, anakaa kwenye fomu mbele ya TV ya chogo, anashika pedi iliyoisha alama za vitufe kwa vidole vya wengine, na dakika zake zikikwisha anainuliwa.

Nilikulia kwenye vibanda hivyo, na nilipoanza kupata mshahara nikaanza kununua vitu nilivyokuwa nikivikodi. Ndiyo maana nina kaseti za Sega na za Nintendo, gemu za PlayStation ya kwanza, na nyingi zaidi za PlayStation 2, mashine iliyotoka mwaka 2000 na kuuzwa zaidi ya milioni 150 duniani. Tazama neno "kaseti" hapo. Kwenye muziki, kaseti ni ule utepe uliokuwa ukirudishwa nyuma kwa kalamu ya bomba. Kwenye gemu, kaseti haina utepe wowote: ni kiboksi cha plastiki chenye saketi ndani. Kamusi ingetaka niseme "katriji", lakini mtaani katriji ni ya wino wa printa. Kaseti ilishinda kwa sababu ilifanya kile ambacho kaseti ya muziki hufanya: unaichomeka, kitu kinaanza. Watu walilipa jina tendo, wakauacha muundo.

"Lete moja niione," fundi alisema, alipochoka na maelezo yangu. Nikampa kasha la gemu ya PlayStation 2. Akaligeuza, akalilaza juu ya kipande cha ubao wa moja kwa sita, likakaa kama limezaliwa hapo.

"Hizi si sidii? Ungesema sidii tangu mwanzo."

Nilishukuru kwamba sikusema hivyo kwa simu. Kasha la sidii ya muziki lina kimo cha sentimita 12 na nusu. Kasha la PlayStation 2 ni lile lile la DVD: kimo sentimita 19, upana 13 na nusu, unene moja na nusu hivi. Kama angepima nafasi baina ya ubao na ubao kwa kuamini neno "sidii" peke yake, ningepelekewa nyumbani kitu kizuri ambacho hakuna gemu hata moja ingeweza kusimama ndani yake. Hapo nikaanza kuielewa istilahi kwa namna ambayo vikao vya istilahi havikuwahi kunifundisha. Tangu Kamati ya Kiswahili ya mwaka 1930 hadi BAKITA iliyoundwa mwaka 1967, wataalamu wetu wamekuwa wakiuliza kama neno ni sahihi, kama lina mzizi wa Kibantu, kama linafuata sarufi. Maswali mazuri. Fundi ana swali moja tu: nikilifuata neno hili, msumeno utakata mahali panapotakiwa?

Kwa swali hilo unaweza kuona kwa nini "ngamizi" lilibaki kwenye karatasi, kwa nini "tarakilishi" linaishi zaidi kwenye vitabu na taarifa za habari za Kenya, na kwa nini "kompyuta", lenye sura ya ugeni kuliko yote, ndilo analolitaja anayepeleka yake kutengenezwa. Na kwa swali hilo hilo "runinga" limepita mtihani: watu wanalitumia bila kujua kwamba kuna siku halikuwepo. Neno hupimwa kama ubao, kwa kubebeshwa.

Tukarudi kwenye jina la kile nilichokuwa nikiagiza. Kumbe "rafu" lenyewe halikuwa neno la Keko. Kijana mmoja alisema "shelfu". Mwingine akasema "shokesi", lakini fundi akamkatiza: shokesi ina vioo na TV hukaa katikati. "Kabati" lina milango. "Almari", neno lenye mzizi wa Kireno lililopita India kabla ya kutufikia, fundi alilijua kutoka kwa mama yake, wala hakumbuki mara ya mwisho mteja alipolitamka. Mwishowe akaniuliza, "Ina mlango? Haina. Ina kioo? Haina. Ina mgongo?" Nikasema nataka iwe na mgongo. "Basi hiyo ni rafu yenye mgongo," akasema, akaandika.

Nikiwa kwenye daladala nikaanza kuorodhesha kichwani maneno yetu ya kale ya kuweka kitu juu ili kisikae chini. Susu: kile kitu cha kusukwa kilichoning'inizwa jikoni, chakula kikakaa humo paka akitazama tu. Uchaga: jukwaa la miti la kuhifadhia mavuno, ambalo mabaki yake yamehamia kitandani, maana zile mbao za kubeba godoro tunaziita chaga. Kichanja: kile cha kuanikia vyombo uani, ambacho mabwana afya wamekisisitiza vijijini hadi neno likawa la lazima katika kaya bora. Shubaka: nafasi iliyoachwa ukutani kuwekea taa na vikorokoro. Na kidaka, ndugu yake shubaka, ambaye wingi wake, zidaka, ndio uliojaza kuta za vyumba vya ndani katika nyumba za mawe za Lamu.

Zidaka hizo zinanigusa kwa sababu ya kazi yake. Hazikuwa za chumvi wala za sufuria. Ni safu juu ya safu za vijumba vilivyofinyangwa kwa chokaa, vimenakshiwa pembeni, na ndani yake viliwekwa vyombo vya kauri vilivyotoka Uchina na kwingineko. Wenye nyumba walikuwa na mkusanyiko, na mkusanyiko ulidai mahali pa kuonekana. Anayedhani kwamba mtu mzima kupanga vitu vyake ukutani ili avitazame ni ugonjwa wa kigeni, aende Lamu. Nilitamani kuiita rafu yangu "zidaka za gemu". Sikuthubutu kumwambia fundi. Kidaka ni sehemu ya ukuta, hakihamishwi. Mimi ni mpangaji.

Kulikuwa na jina jingine lililonitekenya. Mchoro wangu ulikuwa na vyumba vyumba, na kitu chenye vyumba vilivyobanana Kiswahili kimekipa jina tangu kale: sega. Sega la nyuki. Na nusu ya kaseti zangu zimeandikwa Sega, jina la kampuni ya Kijapani lisilohusiana na asali hata kidogo. Kuweka Sega ndani ya sega! Nilimpigia fundi simu jioni ile kumweleza. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama vyumba vitakuwa na pembe sita. Nikasema hapana, ni mstatili. "Basi usiseme sega, vijana watanikatia pembe sita." Mtihani wa msumeno, kwa mara ya pili.

Sasa nije kwenye uimara, maana ndio ulionipeleka Keko. Rafu yangu ya kwanza ilikuwa ya chipbodi, urefu mita moja na robo, imeshikwa miisho miwili tu. Niliinunua tayari, ikiwa na ngozi ya karatasi yenye picha ya mbao. Miezi sita ya kwanza ilinyooka. Baada ya mwaka, makasha ya katikati yakawa yanaegemeana kama walevi wawili wanaosindikizana. Nilimwambia fundi, "Ile ya zamani ilipinda."

"Haikupinda," alisema. "Ilinepa. Kupinda ni mambo ya jua na maji. Kunepa ni mambo ya mzigo."

Nilikuwa nimelisoma neno "nepa" kwenye kamusi, nikalipita kama unavyopita nyumba iliyofungwa. Kumbe kuna watu wanaishi humo. Kamba ya nguo inanepa. Boriti inanepa. Mti wa kubebea ndoo mbili begani unanepa. Ni kule kuzama katikati huku miisho ikibaki juu. Na neno hilo lina majirani wawili. Kunesa ni kucheza juu na chini, kama ubao wa daraja unapoukanyaga ukakurudisha. Kuyumba ni kwenda upande na upande, kama mtu aliyetoka safarini baharini. Nepa, nesa, yumba: hayo ndiyo magonjwa matatu ya rafu, na fundi aliyatibu moja moja.

Kunepa hutibiwa kwa kufupisha na kunenepesha. Kanuni zake zinatisha kidogo ukizisikia mara ya kwanza. Ubao uliobeba mzigo ulioenea sawasawa, ukiurefusha mara mbili na mzigo wa kila mita ukabaki ule ule, hunepa mara 16. Ukiuongezea unene mara mbili, kunepa kunashuka hadi moja ya nane. Fundi hajui hesabu hiyo kwa namba, lakini anaijua kwa mdomo. "Ubao mrefu ni mwoga," aliniambia, akachora mwimo katikati ya mchoro wangu. Mita moja na robo ikawa vyumba viwili vya sentimita 60 na kitu kila kimoja. Mwimo, nakukumbusha, ni ule mti wa wima unaoshika mlango. Hapa unashika gemu. Kisha mbele ya kila ubao akagongomea ukingo wa mninga, upana wa vidole viwili, umesimama wima. Nikadhani ni urembo. "Huu ndio uti wa mgongo," akasema. Ubao uliolazwa hunepa kirahisi, ubao uliosimama hunepa kwa shida: ni mti ule ule, umegeuzwa tu.

Kunesa kuliondoka palepale, kwa kuwa kisichonepa hakina pa kunesea. Kukabakia kuyumba. Hapo ndipo mgongo ulipolipa gharama yake. Fremu ya miimo na mbao, hata ikipigiliwa vipi, ukiisukuma upande inataka kulala, kwa sababu mstatili hauna msimamo. Plaiwudi ya milimita 6 iliyofungwa nyuma kwa skrubu inaukatalia mstatili kubadilika sura. Vyuma viwili vya pembe vikaimalizia kwa kuishika ukutani, maana nina mpwa wa miaka minne ambaye kila kitu kirefu kwake ni ngazi.

Tunayo maneno matatu ya kusifia kitu kilichopona magonjwa hayo, na sote tunayachanganya. Imara, madhubuti, thabiti. Yote yametoka kwa Waarabu, na kila moja limekuja na mzigo wake. Imara linatoka kwenye kujenga, lina ukoo na jengo. Madhubuti linatoka kwenye kudhibiti, kukifanya kitu kikae kwenye kipimo chake. Thabiti ni kile kisichohama mahali pake. Nikajaribu kuyagawa: rafu ni imara ikiwa miti yake imeshikana vyema, ni madhubuti ikiwa pimamaji na timazi vimeridhika, ni thabiti ikiwa ukiisukuma haijibu. Nilimsomea fundi mgawanyo huu kwa fahari. Akasikiliza mpaka mwisho. "Mimi nitakutengenezea kitu ngangari," akasema, neno lililovuma kwenye siasa zetu mwanzoni mwa miaka ya 2000 na ambalo halikuhitaji ukoo wowote ili lieleweke.

Kuna kitenzi kimoja ambacho fundi hakukitumia hata mara moja, nacho ni "jenga". Kabati halijengwi, nyumba ndiyo hujengwa. Samani hutengenezwa, huchongwa, au huundwa, na "unda" ndilo lenye heshima zaidi, kwa kuwa ni neno la majahazi: kuunda ni kuunganisha mti na mti mpaka maji yasipite. Hata hivyo "jenga" ndilo neno letu lililofika mbali zaidi kwenye ulimwengu wa michezo. Leslie Scott, Mwingereza aliyekulia Afrika Mashariki, alizindua mchezo wake huko London mwaka 1983 akauita Jenga. Ni vipande 54 vya mti, ghorofa 18 za vipande vitatu vitatu, na familia yake ilikuwa imeanza kuucheza Ghana kwa vipande vya mbao kutoka kiwanda cha Takoradi. Kipo kichekesho ndani yake ambacho Mswahili pekee ndiye anayekiona: ustadi wa Jenga uko katika kuchomoa. Unachomoa chini, unaweka juu, na mwisho wa yote ni kubomoka. Mwaka 2007 ikageuzwa hata kuwa gemu ya Wii. Ninayo nakala moja, na imekaa kwenye rafu ambayo haikujengwa.

Nilirudi Keko mara nne, nusu kwa kazi, nusu kwa kusikiliza. Ubao wa "moja kwa sita" nikaupima kwa futikamba, ambayo pale huitwa tepu. Unene wake ulikuwa milimita 22, wakati inchi ni milimita 25 na kitu. Nikadhani nimepunjwa. Hapana, inchi moja ilikuwepo siku mti ulipopasuliwa. Randa imekula iliyobaki. Jina limebaki na ukubwa ambao mti wenyewe hauna tena, kama mtu anayeendelea kuitwa "Mheshimiwa" baada ya uchaguzi. Mbao zenyewe zilikuwa za mpaini mkavu uliotiwa dawa, kwa sababu mninga mtupu ungekula mshahara wa miezi, na mpaini usio na dawa ungebunguliwa kabla sijamaliza kupanga.

Nikauliza pia kuhusu "parafujo", neno la Kireno ninalolipenda kwa mlio wake, linalojizungusha mdomoni kama kitu chenyewe. Vijana hawakulijua. Fundi alilijua, akasema skrubu. Siku hizi Keko hakuna parafujo, ila msumari wa Waarabu na randa ya Wahindi zimegoma kuondoka. Sina maelezo ya kwa nini hili limeng'oka na yale yamebaki, isipokuwa kwamba skrubu nyingi zinazouzwa leo zina boksi, na boksi lina jina juu yake.

Kisha ikaja siku ya kumalizia kazi, ambapo lugha yote hukusanyika kwenye kitenzi kimoja. Ubao hupigwa randa. Hupigwa msasa. Hupigwa sila, hupigwa vanishi. Mwenye rafu akifika nyumbani atapiga gemu. Yote ni kupiga, na hakuna anayeumia.

Lakini msasa ulinisimamisha. Leo msasa ni karatasi yenye chenga, inauzwa kwa namba, na namba ikiwa ndogo ukali ni mkubwa: fundi alianza na 80, akaja 120, akamalizia na 220. Zamani msasa ulikuwa mti. Bado upo, majani yake yanakwaruza kama ulimi wa paka, na mafundi wa pwani waliyatumia kulainisha mbao na vipini kabla karatasi haijafika. Karatasi ilipokuja ikakuta kiti kina jina tayari, ikakikalia. Halafu neno likaondoka karakana likaenda ofisini, na sasa tunasoma kwamba walimu au madiwani "wamepigwa msasa" kwenye semina. Nikiwatazama vijana wa Keko nikaona tofauti. Semina inadai kumwongezea mtu kitu. Msasa hauongezi chochote. Unaondoa tu, na unaondoa kwa kufuata nyuzi za mti, maana ukikata nyuzi unaacha mikwaruzo ambayo vanishi itaitangaza badala ya kuificha. Hayo yangefaa kuandikwa mlangoni mwa kumbi za semina, na mlangoni mwa ofisi za wahariri pia.

Koti la kwanza la vanishi lilipigwa jepesi, limetiwa tina ili linywewe. Nikaja kesho yake, nikapitisha kiganja, nikastuka: ubao uliokuwa laini kama shavu umekuwa na vinyweleo. Nikadhani kazi imeharibika.

"Umesimamisha malaika," fundi alisema bila kuinua macho.

Malaika ni zile nywele laini za mwilini, zinazosimama mtu akiogopa au akisikia baridi. Nyuzi za juu za mti, zikilowa, huinuka vivyo hivyo, na zikikauka hubaki zimesimama. Dawa yake ni kupitisha msasa wa 220 kwa mkono mwepesi, kufuta vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, na kupiga koti la pili. Nimehariri miongozo kadhaa ya ufundi katika maisha yangu. Hakuna niliyoikuta ikieleza jambo hili kwa chini ya sentensi mbili. Fundi alitumia maneno mawili, na moja lilikuwa la mbinguni.

Akanifundisha na tofauti moja ya mwisho. Vanishi hukauka kwa siku moja, lakini kukomaa huchukua wiki kadhaa. Kilichokauka hakishiki kidole. Kilichokomaa hakishiki kasha. Ukiwahi kupanga gemu juu ya vanishi iliyokauka bila kukomaa, plastiki na karatasi hujigandisha, na siku utakayovuta kasha utavuta na ngozi ya rafu. Basi rafu yangu ilikaa sebuleni tupu, ukutani mbali na dirisha ili jua lisije kubabua rangi za majalada, na wageni wakawa wanauliza ni ya nini. Nilijibu kila mmoja kwa neno tofauti nione lipi litabeba. "Rafu ya gemu" ndilo lililobeba. Hakuna aliyetaja refa.

Siku ya kuisukuma ukutani niliona kwamba mgongo wa plaiwudi, upande usioonekana, una maandishi ya chaki. Fundi aliyaandika alipokuwa akichukua oda yangu ile siku ya kwanza, kabla sijaondoka, maana daftari lake lilikuwa mbali. Vipimo, idadi ya mbao, kisha mstari mmoja: *rafu ya gemu, isinepe*. Nililitazama neno hilo la mwisho kwa muda. Rafu yenyewe iko ndani yake, kwenye ile *i* ya mwanzo. Katazo limo, ugonjwa umo, na matakwa ya mteja yamekaa mwishoni kwenye *e*. Mchoro wangu wa kurasa tatu ulikuwa ukijaribu kusema hicho.

Sasa ni mwezi wa nane. Kila mita ya rafu imebeba makasha zaidi ya 60, yamesimama wima kila moja kwa miguu yake. Jumapili iliyopita nilimwita mpwa wangu anisaidie kupima. Nikashika ncha moja ya uzi kwenye kona ya ubao wa kati, yeye akashika nyingine upande wa pili, tukaulaza sawa na ukingo wa mninga ili nione kama kuna mwanya. Nikamwambia avute. Alivuta kadiri ya nguvu za miaka minne. Uzi ulinepa. Ubao haukunepa.